Nani Alimwandika? Namna ya Kumtafuta Babu wa Zamani Bagamoyo

Anayetaka kumtafuta babu yake wa zamani hapa Bagamoyo huniuliza kwanza: kitabu chenye jina lake kiko wapi? Kitabu kimoja hakipo. Babu zetu hawakuandikwa kwa sababu walizaliwa. Waliandikwa siku walipokutana na mtu mwenye kalamu na haja zake. Padri alimwandika siku ya ubatizo, karani wa boma siku ya kodi, kadhi siku ya ndoa au mirathi, karani wa katani mwisho wa mwezi, na mwanajeshi siku alipomkamata kubeba mizigo. Swali la kushika tangu mwanzo mpaka mwisho basi ni hili: katika maisha ya mtu huyu, nani alikuwa na sababu ya kumwandika? Ukilijibu, utajua mlango wa kubisha hodi.

Mimi nilikuwa namtafuta baba wa babu yangu. Nilipoteza mwaka mzima kwa kuanza mwisho, yaani kwa kukimbilia ofisi kabla sijakaa na wazee. Mpangilio huu hapa chini ndio ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Hatua ya 1: Mtu mmoja, daftari moja

Usitafute ukoo mzima. Chagua mtu mmoja, kisha andika kuanzia kwako kurudi nyuma: wewe, mzazi wako, mzazi wa mzazi wako, mpaka umfikie. Kwa kila mmoja andika alipozaliwa, alipooa au kuolewa, alipozikwa, na majina yote aliyoitwa. Pembeni ya kila jambo weka alama: N kwa nililoambiwa, O kwa nililoona kwa macho kwenye karatasi au kaburi, K kwa ninalokisia. Alama hizi zinaonekana kama kazi ya bure siku ya kwanza. Baada ya miezi sita hutakumbuka lipi uliambiwa na lipi ulilibuni mwenyewe kichwani.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, tena wiki hii

Nenda alasiri, jua likishapoa, ubebe sukari au sabuni kama ilivyo desturi, wala usitoe karatasi ya maswali. Simu ya kurekodi iwekwe mkekani baada ya kuomba ruhusa, si kabla. Na usiulize mwaka. Mzee akiulizwa mwaka atakutajia mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Muulize jambo kwa jambo. Bibi yangu mdogo, mdogo wake babu, nilimuuliza hivi:

"Bibi, huyo baba yenu alikuwa ameshaota ndevu Mwingereza alipoingia hapa?"

"Ndevu? Alikuwa na wake wawili, mjukuu wangu."

Jibu hilo lilinipa zaidi ya tarehe kumi za kubuni. Waingereza waliingia Bagamoyo Agosti 1916. Mwanamume mwenye wake wawili wakati huo hakuwa kijana wa miaka kumi na minane. Yamkini alizaliwa kabla ya 1891.

Andika kalenda ya matukio kwenye jalada la daftari uitumie kila unapokaa na mtu. Kwa pwani yetu ninayo hii: vita vya Abushiri, 1888 na 1889, ambavyo viliisha yeye mwenyewe aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Nzige na sotoka ya ng'ombe, miaka ya 1890. Kodi ya nyumba ya Mjerumani, kuanzia 1898. Majimaji, 1905 hadi 1907. Vita vya Tanga, Novemba 1914. Homa kubwa iliyoua watu vita vilipokuwa vinaisha, 1918. Pia muulize mzee ni fedha gani aliyosikia ikitajwa. Kama babu alilipa mahari kwa rupia na pesa (sarafu ndogo ya wakati huo), hayo ni mambo ya zamani kuliko heller, ambayo Wajerumani waliileta 1904 (humo ndimo tulimopata neno hela). Kama ni shilingi, tayari ni zama za Mwingereza, miaka ya 1920 na kuendelea.

Uliza makabila yaliyokuwa yakitania msibani kwenu, kwa sababu utani hubaki hata lugha ikipotea. Uliza kama kuna tambiko, na majina yanayotajwa humo kwa mpangilio gani. Kama asili yenu ni Wazaramo au Wakwere, kumbuka kuwa ukoo hufuata upande wa mama. Ukiuliza ya baba peke yake utarudi na nusu.

Sasa lile ambalo watu wengi hulikwepa. Bagamoyo ilikuwa bandari ya misafara, na wengi wetu tumetokana na watu walioletwa hapa kwa nguvu. Wazee hawatasema "alikuwa mtumwa". Watasema "alikuja na watu", "alilelewa nyumba ile", "alikuwa mtu wa fulani". Sikiliza maneno ya zamani: mzalia ni yule aliyezaliwa hapa pwani katika utumwa, mjinga, kwa maana ya zamani, ni aliyefikishwa karibuni na hajajua lugha wala adabu za mji, suria ni mjakazi aliyezaa na bwana wake, hadimu ni aliyeachwa huru. Ukisikia mojawapo, usirukie kuuliza zaidi mbele ya watu. Rudi siku nyingine, mkiwa wawili. Shehe Ramiya, Yahya bin Abdallah, aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tariqa ya Qadiriyya anayeheshimiwa mwambao mzima mpaka alipofariki 1931. Nawatajia wazee habari hiyo makusudi, maana mji wote unaijua na hauioni aibu. Vinywa hufunguka.

Hatua ya 3: Yafungue majina

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Babu yako hakuwa na jina la ukoo kama lako. Alikuwa na jina lake, bin, na jina la baba. Mtoto wake akachukua jina lake, na mjukuu akarithi jina la babu kwa kuwa ndiye wajina. Ndiyo maana Juma bin Feruzi na Feruzi bin Juma hukaa katika nyumba moja kwa vizazi vinne, na ukisoma karatasi moja huwezi kujua ni yupi. Mtu aliyeletwa utumwani alipewa jina jipya pwani, mara nyingi jina la heri kama Baraka, Mabruki, Faraji au Majaliwa, na jina la baba likaandikwa Abdallah, yaani mja wa Mungu, kwa kuwa baba halisi hakujulikana kwa mwandishi. Ukikuta "bin Abdallah" katika karatasi ya wakati huo, usikimbilie kumtafuta huyo Abdallah.

Kisha kuna mkono wa mwandishi. Kila mmoja aliandika alivyosikia kwa sikio la kwao. Mjerumani aliandika Dschuma kwa Juma, na Tsch kwa ch. Hata mji wenyewe aliuita Bagamojo. Padri wa Kifaransa aliandika Djouma, na Uzaramo akaiita Ouzaramo. Karani wa bara alibadilisha r na l, Feruzi akawa Feluzi. Aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu naye alikuwa na shida zake: mara nyingi hakuandika m na n zilizo mbele ya konsonanti, na p ikaonekana b. Kwa hiyo Mbwana husomeka Bwana, na Pembe husomeka Bebe. Kabla hujaenda ofisi yoyote, andika jina la babu yako kwa kila sura unayoweza kuifikiria. La baba wa babu yangu nililiandika kwa sura kumi na moja. Nilimkuta kwa ya tisa.

Hatua ya 4: Sanduku la nyumbani

Katika kila ukoo kuna mtu mwenye sanduku la bati au mkoba wa karatasi chini ya kitanda. Mara nyingi ni shangazi. Muombe mfungue pamoja, yeye akiwa amekaa, wewe ukipiga picha. Usichukue kitu kwenda nacho.

Tafuta kurasa za mwanzo na mwisho za msahafu au kitabu cha maulidi, maana humo watu waliandika tarehe za kuzaliwa na kufa. Tafuta stakabadhi za kodi, vipande vya kazi (kadi za kuhesabia siku za kibarua), hati za ndoa na talaka, na hati za kununua minazi. Geuza kila picha. Mhuri wa studio nyuma yake unaweza kukupa mji. Karatasi iliyochanika usiigandishe kwa selotepu wala kuipeleka kwa mtu wa laminesheni. Ile gundi huila polepole. Iweke katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na mchwa.

Kwetu sanduku lilitoa khati moja ya herufi za Kiarabu iliyokunjwa mara nane. Familia ilisema ni hirizi. Mwalimu wa madrasa aliisoma kwa dakika ishirini: ni hati ya kununua shamba la minazi, mwaka 1339. Mwaka wa Hijria uuzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622, utapata mwaka wa Miladi kwa karibu sana. 1339 ni kuanzia Septemba 1920.

Hatua ya 5: Makaburi

Tembelea mapema asubuhi, ukiwa na mwenyeji. Makaburi mengi ya Waislamu hayana maandishi, na hilo lisikukatishe tamaa: uliza nani kazikwa ubavuni mwa nani, kwa kuwa jirani wa kaburini mara nyingi ni ndugu au bwana wa zamani. Makaburi ya misheni na ya Wajerumani yana majina, ila mengi ni ya wageni.

Hatua ya 6: Bisha mlango ulio wake

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo.

Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kama mzee wako alikuwa Mkristo wa mwanzo, anza parokiani. Andika barua ya heshima kwa paroko, eleza unamtafuta nani na kwa nini, usubiri. Vitabu vya ubatizo viko kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, natus amezaliwa, patrinus na matrina ni wasimamizi, in periculo mortis amebatizwa akiwa mahututi, obiit amefariki. Soma pembezoni, humo ndoa na mambo ya baadaye yaliongezwa. Wasimamizi waandike wote, kwa sababu mara nyingi ni watu waliofika pamoja. Na kama jina linapotea ghafla Bagamoyo, huenda mtu hakufa. Misheni ilikuwa ikiwaozesha vijana na kuwapeleka kuanzisha vijiji vya bara: Mhonda 1877, Mandera 1881. Mfuate huko. Nyaraka nyingine za shirika zipo Chevilly-Larue, karibu na Paris, nao hujibu barua za Kifaransa zilizoandikwa kwa ufupi. Wenzetu wa Tanga wana njia yao: Waanglikana wa Magila na Walutheri wa Usambara, ambao walifika Mlalo 1891.

Boma la Mjerumani. Karatasi ya thamani kuliko zote hapa ni Freibrief, hati ya uhuru. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa; iliacha mtu ajikomboe au akombolewe, kisha ikampa hati. Zilitolewa makumi ya maelfu. Humo huandikwa jina la mtu, la bwana wake, na namna alivyopata uhuru. Kwa kanuni ya 1904, watoto waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru, na utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku kisheria 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo piga hesabu: kama mzee wako alizaliwa 1890 katika utumwa, tafuta hati kati ya miaka yake ya ujana na 1914. Kama alizaliwa 1908, usipoteze siku zako hapo.

Kadhi na liwali. Kwa Waislamu wa mjini huu ndio mlango mkubwa: ndoa, talaka, mirathi, wakfu, mauzo ya minazi. Hati nyingi zimebaki majumbani mwa waliouziana. Ukiipata moja, usisome jina la mnunuzi peke yake. Soma mashahidi. Mtu hakuita shahidi asiyemjua. Katika ile khati yetu mashahidi walikuwa watatu. Wawili sikuwafahamu, wa tatu jina lake lilifanana na la nyumba moja ya Magomeni. Nilikwenda, nikapiga hodi, nikasalimia, nikaeleza. Mzee wa nyumba ile, ambaye hatukuwahi kujuana, alinieleza kuwa babu yake na wangu walikuwa wapagazi pamoja wakati wa vita, na kwamba wangu alirudi na mguu mbovu. Nyumbani kwetu tumekua tukiambiwa alikuwa askari.

Vita. Askari wa Mjerumani na wa Mwingereza waliandikwa kwa namba na jina. Wapagazi waliandikwa kidogo sana, na maelfu walikufa bila jina kubaki popote, hata makaburini. Kwa hiyo habari ya mpagazi utaipata kwa mdomo zaidi, na kwenye madai ya malipo baada ya vita kama alidai. Waliopigana vita vya pili katika KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) wana karatasi nyingi zaidi, na nyumba nyingi bado zina cheti cha kuachishwa jeshi.

Katani. Kama mzee wako aliondoka Bagamoyo na kwenda Tanga au Pangani, jambo la kwanza kukisia ni mkonge. Mmea wenyewe uliletwa 1893 na Mjerumani aitwaye Hindorf. Vibarua waliochukuliwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa, na kuanzia 1944 ilikuwepo ofisi ya kuwakusanya iliyoitwa SILABU. Kipande cha Mwingereza kilikuwa cha siku 30 za kazi. Ukikiona kina alama za siku, jina la shamba na jina la mwenyewe, umepata mahali pa kwenda. Wa Tanga wasisahau reli, iliyoanza kujengwa hapo 1893, wala bandari, ambako makuli waligoma 1939.

Hatua ya 7: Nyaraka za Taifa

Nyaraka za Taifa zipo Upanga, Dar es Salaam. Piga simu kwanza uulize masharti na ada. Nenda na kitambulisho, penseli, na ukurasa mmoja unaoeleza mtu, mahali na miaka. Usimwambie mhudumu "namtafuta babu yangu". Mwambie "naomba orodha ya majalada ya Bagamoyo, kodi na mashauri, 1898 hadi 1914". Majalada hupangwa kwa ofisi iliyoyatengeneza, hayapangwi kwa majina ya watu. Ya Kijerumani yana alama ya herufi G. Ya Mwingereza, omba vitabu vya wilaya pia. Humo kuna majina ya majumbe na akida na habari za vijiji, na jumbe wa kijiji chenu ndiye aliyekuwa akitoa majina ya walipa kodi.

Mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule, Kurrent, hausomeki kwa anayejua Kijerumani cha leo tu. Herufi e inafanana na n. Jifunze kulitambua jina la babu yako kwa umbo, kisha ukilikuta piga picha ukurasa wote na kurasa mbili za jirani, uandike namba ya jalada papo hapo. Niliwahi kurudi nyumbani na picha nzuri isiyo na namba ya jalada, na ilinigharimu safari mbili nyingine.

Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, usiziache, kwa kuwa kabla ya Mjerumani pwani hii ilikuwa ya Sultani. Na majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, mengi yanasomeka kwenye intaneti bure, chini ya namba R 1001.

Kuhusu RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo: vyeti vya kuzaliwa vya zamani vya Waafrika ni vichache, kwa sababu kwa muda mrefu uandikishaji haukuwa lazima kwao. Uliza, lakini usiweke matumaini yako yote hapo.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kuamini

Jina likilingana, bado si yeye. Dai angalau mambo mawili mengine yalingane: mahali, jina la baba, mke, umri, au shahidi. Mimi nilikuta jina letu katika orodha ya walipa kodi ya mtaa usio wetu. Nilifurahi siku tatu, kisha nikaona kwamba mtu yule alikuwa bado akilipa kodi hapa mwezi ambao wetu, kwa maneno ya nyumba ya Magomeni, alikuwa porini na mzigo kichwani. Nilimfuta. Wawili wenye jina moja katika mji mmoja si ajabu.

Kama karatasi inapingana na maneno ya wazee, andika yote mawili. Bibi yangu mdogo nilimweleza habari ya upagazi taratibu, peke yake, nikamuacha aamue kama watoto waambiwe.

Hatua ya 9: Rudi umtafute mwanamke

Hatua hii nimeiweka mwisho kwa sababu inahitaji zile zote za kwanza. Wanawake waliandikwa kwa nadra, na wakiandikwa huitwa binti fulani. Watafute katika mahari, katika mirathi, katika orodha ya wasimamizi wa ubatizo, na hasa katika mipaka ya mashamba. Hati ya minazi hutaja majirani wa pande nne, na wanawake wa pwani walimiliki minazi.

Mpaka wa kusini wa shamba lile la 1339 ni "shamba la binti Mabruki". Wazee wanasema mama yake baba wa babu alikaa karibu naye mpaka kufa, ila jina la baba wa mama huyo hakuna anayelikumbuka. Kwenye daftari nimeandika K. Jumamosi naenda Kaole na picha ya ile khati, kwa familia inayolima upande huo wa kusini mpaka leo.